Yad, Nad, Nuk: Kikalam na Ndugu Zake wa Mbali

Mwaka 1960 Ralph Bulmer, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, alianza utafiti katika bonde la mto Kaironk, kwenye milima ya Schrader, kaskazini mwa New Guinea. Bonde hilo ni makao ya Wakalam, wakulima wa magimbi na viazi vitamu, wafugaji wa nguruwe na wawindaji hodari wa misitu ya ukungu. Bulmer alitaka kujua jinsi watu hao wanavyowatambua na kuwapanga wanyama wao. Kazi hiyo ilihitaji lugha, na lugha yenyewe haikuwa na sarufi wala kamusi. Hata jina lake, katika maandishi ya mwanzo, lilikuwa likiandikwa Karam. Basi Bulmer akamshirikisha mwenzake wa Auckland, Bruce Biggs.

Biggs alikuwa Mmaori na mwanaisimu, mtu wa kwanza kufundisha Kimaori katika chuo kikuu nchini New Zealand. Kimaori, kama Kiswahili, kina irabu tano, na silabi zake huishia kwa irabu. Wakalam walimletea mambo mengine kabisa. Alisikia maneno yaliyotamkwa vizuri, silabi kwa silabi, lakini alipojaribu kuyaandika, irabu moja ilimtatiza kuliko zote. Ilikuwa fupi, hafifu, ikitokea katikati ya kinywa: mtu akitamka "i", kisha akarudisha ulimi nyuma kidogo bila kuviringa midomo, atakuwa ameikaribia. Wanaisimu huiandika kwa i iliyokatwa mstari, ɨ. Ilikuwa imejaa kila mahali, na bado ilionekana haina kazi ya kutofautisha neno na neno.

Mwaka 1963 Biggs alichapisha makala juu ya irabu hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba si sehemu ya hazina ya sauti zinazobeba maana katika Kikalam. Mahali pake hujulikana kwa kanuni: konsonanti zikikutana pasipo na irabu nyingine, sauti ile hafifu huingia yenyewe; konsonanti ikisimama peke yake kama neno, sauti hiyo huifuata. Ikiwa kanuni inatosha, herufi ya nini? Ndiyo maana Kikalam kikaandikwa kwa namna inayomshtua mgeni. Gimbi ni m. Mwanamume ni b. Lugha au usemi ni mnm. Wanyama wa manyoya wanaowindwa ni kmn, nayo hutamkwa kɨmɨn. Kama msomaji wa Kiarabu aliyekomaa asivyosubiri kuwekewa irabu, Mkalam anayesoma lugha yake huzijaza mwenyewe, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kwake hakuna la kukisia.

Konsonanti nazo zina mambo yake, na hapa msomaji wa Kiswahili atajiona nyumbani. Herufi b, d, j na g za Kikalam hazitamkwi kavu. Hutanguliwa na king'ong'o. Ile b ya "mwanamume" husikika mbɨ, yenye mb ileile ya mbuzi na mbegu. Vivyo hivyo d husikika nd, j husikika nj, na g husikika ng ya ngoma. Kwa upande mwingine, p, t na k hulegea zikiwa katikati ya irabu: t huelekea r, na k huelekea gh ya ghali. Kwa hiyo yakt, yaani ndege, mgeni anaweza kuisikia kama yaghɨt na asitambue kamwe kwamba ndani yake mna k.

Wakalam walifikiwa na serikali ya kikoloni wakiwa wamechelewa hata kwa kipimo cha New Guinea. Kwa muda mrefu Wazungu walioshika pwani waliamini kwamba katikati ya kisiwa ni mawe na misitu mitupu. Mwaka 1930 Michael Leahy na Michael Dwyer, watafutaji wa dhahabu kutoka Australia, waliingia milimani wakakuta watu. Mwaka 1933 Leahy na nduguye Dan, pamoja na afisa wa serikali James Taylor, waliruka kwa ndege juu ya bonde la Wahgi na kuona mashamba yaliyopangwa kwa miraba, nyumba hadi upeo wa macho. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakiishi huko, wakizungumza lugha ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzisikia. Lakini milima ya Schrader ilikuwa pembeni mwa njia za dhahabu, na utawala ulifika kwa Wakalam kwa dhati mwishoni tu mwa miaka ya 1950.

Wasomi walikuwa na jina moja la jumla kwa lugha za aina hii: lugha za Kipapua. Jina hilo lilikuwa na upungufu tangu mwanzo. Katika miaka ya 1890 Sidney Ray, mwalimu wa shule wa London, alionyesha kwamba baadhi ya lugha za New Guinea hazimo katika ukoo wa Kiaustronesia, ule ukoo mkubwa unaoanzia Madagaska, ukapita Malaya, ukafika hadi Kimaori na Kihawaii. Zile zilizobaki nje zikaitwa za Kipapua. Neno hilo lilisema tu lugha hizo si za nani; halikusema ni za nani.

Mwaka 1963 kijana mwingine wa Auckland, Andrew Pawley, alifuata nyayo za Bulmer na Biggs hadi Kaironk. Mwaka 1966 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu sarufi ya Kikalam. Alichokutana nacho katika vitenzi kilimshughulisha kwa miongo iliyofuata.

Kikalam kina mizizi ya vitenzi ipatayo 130 tu. Kati ya hiyo, kama 15 hivi hubeba karibu tisa ya kumi ya vitenzi vyote vinavyosikika katika mazungumzo. Am ni kwenda, ap ni kuja, d ni kushika, ay ni kuweka, pk ni kupiga, ag ni kusema au kutoa sauti. Kwa mizizi hiyo michache Wakalam husema kila jambo, kwa kuvunja tendo katika hatua zake. Mtu aliyekwenda kutema kuni akazileta nyumbani husema: yad am mon pk d ap aypyn. Neno kwa neno: mimi, enda, kuni, piga, shika, njoo, nimeweka. Mswahili angesema "nimeleta kuni" na kuacha mengine yaeleweke. Mkalam huitaja safari yote: alikokwenda, alichopiga, alivyoshika, alivyorudi, alivyotua mzigo.

Mzizi wa nŋ, ambao ŋ yake ni ng' ya ng'ombe, una uwanja mpana zaidi. Unabeba kuona, kusikia, kujua na kuhisi. Kinachotofautisha ni jina linaloutangulia: wdn nŋ, jicho pamoja na kitenzi hicho, ni kuona, tmwd nŋ, sikio pamoja nacho, ni kusikia, gos nŋ, wazo pamoja nacho, ni kufikiri. Wenye Kiswahili, ambao husikia sauti, harufu, njaa na baridi kwa kitenzi kimoja, hawatashangaa sana.

Katika mfano wa kuni, nafsi imetajwa mara mbili. Yad mwanzoni ni kiwakilishi huru, "mimi". Mwishoni, katika aypyn, silabi ya -yn inasema tena "mimi". Kiswahili huweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, ni-na-kwenda, u-na-kwenda. Kikalam huiweka mkiani. Agpyn ni "nimesema", agpan ni "umesema". Viwakilishi huru vya umoja ni yad, mimi, nad, wewe, nuk, yeye. Nuk haibagui mwanamke na mwanamume, kama yeye ya Kiswahili isivyobagua. Katika wingi kuna utaratibu ambao Kiswahili hakina: Kikalam hutenga watu wawili na watu wengi. Cn ni "sisi", lakini wakiwa wawili tu husema ct, na c hiyo hutamkwa karibu na ch.

Yad, nad, nuk. Wakati Pawley anayaandika, maneno haya matatu yalikuwa mistari michache tu katika sura ya sarufi. Umuhimu wake ulionekana miongo mitatu baadaye.

Huko bondeni, historia ya lugha hii ilikuwa imeanza kuchukua sura nyingine kwa sababu ya kijana mmoja. Ian Saem Majnep, mzaliwa wa Kaironk, alianza kumsaidia Bulmer katika miaka ya 1960 akiwa bado mdogo. Aliwajua ndege na wanyama wa msitu kwa majina, kwa sauti, kwa viota na kwa chakula chao, na alijua nani katika ukoo alisema nini juu yao. Mwaka 1968 Bulmer alikwenda Port Moresby kuwa profesa wa kwanza wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Papua New Guinea, na baadaye Majnep alifanya kazi naye huko. Bulmer, badala ya kuendelea kumhoji na kuandika kwa jina lake peke yake, alimtaka Majnep awe mwandishi.

Kitabu chao, Birds of My Kalam Country, kilitoka Auckland mwaka 1977. Jina la Majnep lilitangulia. Maneno yake yalichapwa kwa aina moja ya herufi na ya Bulmer kwa nyingine, ili msomaji ajue wakati wote nani anasema. Katika taaluma iliyozoea kuwaita wenyeji "watoa habari", hilo lilikuwa tendo la haki, na lilifanywa mapema. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Papua New Guinea kilimtunuku Majnep shahada ya heshima ya udaktari.

Bulmer mwenyewe alikuwa ameshajifunza kwa Wakalam jambo lililomletea sifa kubwa. Mwaka 1967 aliandika makala akiuliza kwa nini kasowari si ndege. Kasowari ni ndege mkubwa asiyeruka, mwenye miguu ya nguvu, jamaa wa mbuni. Wakalam hawamweki katika kundi la yakt. Ana jina lake, kobtiy, na kundi lake peke yake. Bulmer alionyesha kwamba sababu haimo katika mabawa tu. Wakalam humhesabu kasowari kuwa jamaa, wa upande wa dada na mabinamu. Kumwua kuna masharti: damu isimwagike, na aliyemwua asikaribie magimbi yanayoota. Huwezi kuelewa neno kobtiy bila kuelewa undugu wa Kikalam, na undugu huo hauelezeki kwa orodha ya maneno mia mbili iliyokusanywa katika alasiri moja.

Lugha hiyo ina tabaka jingine bado. Juu milimani hukua mkadi wa aina yake, unaoitwa alŋaw, wenye kokwa zenye mafuta zinazopendwa sana. Wakati wa kuzivuna na kuzipika, na pia wakati wa kumpika kasowari, Wakalam huacha maneno ya kawaida na kutumia alŋaw mnm, lugha ya mkadi. Sarufi hubaki ileile, lakini karibu kila neno la kawaida hubadilishwa kwa jingine. Anayetumia maneno ya siku zote anahofiwa kuziharibu kokwa. Pawley aliandika juu ya lugha hiyo mwaka 1992, na aliiona kuwa kazi ya ubunifu wa makusudi: watu walikaa, wakaunda msamiati mzima, wakaurithisha.

Wakati hayo yakiendelea Kaironk, wanaisimu wengine walikuwa wakichora ramani ya kisiwa kizima. Stephen Wurm, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Canberra, alikusanya taarifa za mamia ya lugha za milimani na kuzipanga kwa kuhesabu maneno ya msingi yanayofanana. Mwaka 1970 Kenneth McElhanon na Clemens Voorhoeve walipendekeza ukoo mpana unaokatiza kisiwa kutoka mashariki hadi magharibi, wakauita Trans-New Guinea. Wurm aliupanua, na kufikia mwaka 1975 aliuhesabia karibu lugha 500. Katika mpangilio wake, Kikalam kiliwekwa pamoja na lugha za nyanda za juu za mashariki, jirani zake wa milimani. Ramani iliunga mkono jambo hilo. Asilimia za maneno nazo hazikulipinga waziwazi.

Viwakilishi vilikataa.

Malcolm Ross, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alichukua njia tofauti. Majirani huazimana majina ya mazao, ya zana na ya wanyama, na lugha zinazopakana kwa muda mrefu hufanana hata zisipokuwa ndugu. Viwakilishi nafsi huazimwa kwa nadra zaidi. Ross alivilinganisha katika mamia ya lugha za Kipapua, na matokeo yake kamili yalitoka mwaka 2005. Kwa ukoo wa Trans-New Guinea alipata kwamba lugha mama ilisema *na kwa "mimi" na *ŋga kwa "wewe", nyota ikionyesha umbo lililokisiwa kwa ulinganisho. Alama hizo za kale zimeenea mno. Wamelpa wa Mount Hagen husema na kwa "mimi". Waenga, wenye lugha kubwa kuliko zote za Kipapua, husema namba. Mbali kabisa magharibi, katika upande wa kisiwa ulio chini ya Indonesia, Waekari husema ani kwa "mimi" na aki kwa "wewe".

Tazama sasa Kikalam. "Mimi" si na bali yad. Na ile na, ambayo kwingine ni "mimi", hapa imo katika nad, "wewe". Si bahati mbaya ya lugha moja. Kiamele, kinachozungumzwa karibu na mji wa Madang, pwani, kina ija kwa "mimi" na hina kwa "wewe". Kikobon, jirani wa Kikalam, kina yad na ne. Ross aliona muundo huohuo, *ya kwa "mimi", *na kwa "wewe", *nu kwa "yeye", ukirudia katika lugha karibu mia za mkoa wa Madang. Lugha moja inaweza kugeuza viwakilishi vyake hivyo. Lugha mia zilizotawanyika mabondeni na pwani haziwezi kugeuza kwa namna ileile kila moja kivyake. Mageuzi yalitokea mara moja, kwa mama yao mmoja, na Kikalam ni mmoja wa watoto wake.

Kwa hiyo Kikalam kilihamishwa. Kikatoka kwa majirani wa nyanda za juu, kikaingia katika tawi la Madang, lile ambalo padri wa Uswisi, John Z'graggen, alikuwa amelieleza katika miaka ya 1970 baada ya kukusanya orodha za maneno kijiji kwa kijiji, bila kukitia Kikalam ndani yake. Kumbe ndugu zake walikuwa wameanza kuandikwa zamani sana. Mwaka 1871 Mrusi Nikolai Miklouho-Maclay alishuka katika ghuba ya Astrolabe na kuishi na watu wa Bongu, akiorodhesha maneno yao. Kibongu nacho ni cha tawi la Madang. Jamaa wa Kikalam walikuwa daftarini karibu miaka 90 kabla ya Biggs kuanza kuhangaika na irabu yake.

Njia ya viwakilishi ina mipaka, na wanaisimu makini hawakuificha. Ni maneno mafupi mno, na n ni sauti iliyomo katika karibu kila lugha duniani. Kiswahili nacho husema ni- kwa nafsi ya kwanza, na hakuna anayedai kwamba Waswahili na Wamelpa wana babu mmoja. William Foley, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha za Kipapua, alihimiza koo ndogo zithibitishwe kwanza kabla ya kujenga koo kubwa. Ross mwenyewe aliuita uchunguzi wake wa awali. Uthibitisho hutoka katika ulinganisho wa sauti, konsonanti kwa konsonanti, kati ya lugha zilizoelezwa vizuri, na ndiyo kazi aliyoifanya Pawley kwa miaka mingi akitumia Kikalam kama mmoja wa mashahidi wake. Kazi hiyo inagusa historia ya watu pia. Huko Kuk, karibu na Mount Hagen, Jack Golson alianza mwaka 1972 kufukua mifereji ya mashamba ya kale. Pawley amependekeza kwamba kuenea kwa ukoo wa Trans-New Guinea kulibebwa na kilimo hicho cha milimani, maelfu ya miaka iliyopita.

Irabu ya Biggs ilirudi mezani mwaka 2010, safari hii mikononi mwa Juliette Blevins na Pawley. Walionyesha kwamba haifanani kabisa na irabu za kupachika zinazojulikana kwingineko, zile zinazoingizwa ili kurahisisha matamshi. Waliieleza kuwa mabaki ya irabu kamili za zamani zilizodhoofika. Maelezo hayo yana uzito kwa anayetafuta ndugu wa lugha: nyuma ya neno kama kmn kulikuwa na neno refu zaidi, lenye irabu zake, na herufi zilizobaki ni sehemu tu ya ushahidi.

Bulmer alifariki mwaka 1988, kazi nyingi zikiwa hazijachapishwa. Majnep aliendelea. Alijifunza kuandika Kikalam kwa alfabeti ya Biggs na Pawley, ile isiyo na irabu hafifu, na kitabu chake cha pili na Bulmer, juu ya wanyama waliowindwa na mababu, kilitoka mwaka 2007, mwaka uleule aliofariki. Kikalam leo kina wasemaji wapatao 20,000, katika nchi yenye lugha zaidi ya 800, nyingi zikiwa na wasemaji wachache kuliko hao, na nyingi hazina hata sarufi fupi. Tofauti kati yake na hizo haikuletwa na fedha wala mashine. Ililetwa na watu waliorudi Kaironk mara kwa mara kwa nusu karne, na Wakalam waliokubali kuwa walimu wao, kisha wakawa waandishi.

Kamusi ya Kikalam ilichapishwa Canberra mwaka 2011. Ina majina matano: Andrew Pawley na Ralph Bulmer, kwa msaada wa John Kias, Simon Peter Gi na Ian Saem Majnep. Watatu kati ya hao watano ni Wakalam.